Siku Tisa za Mama Mkwe Jabalini

Siku hizi watu wa ghuba yetu wakimtaja Sorcha humfanya mtakatifu. Upuuzi mtupu! Niliishi naye nyumba moja miaka kumi na saba, nikala naye chungu kimoja, na ninawaambia alikuwa mwanamke mgumu, bahili wa neno jema, mwepesi wa kofi, na ukimuudhi asubuhi hakuachii mpaka uingie kulala. Alikuwa mama mkwe wangu. Nilimchukia, na bado ninamlilia, kwa hiyo nyamazeni niseme mimi ninayejua.

Alizaliwa hapa hapa Kerry, kwenye ufuko huu wa mawe, akaolewa na mwenye mashua. Bahari ikamchukua mume siku moja ya Novemba, asionekane hata kiatu. Alimwachia mtoto mchanga, Finin, na mashua ya makasia manane. Wanaume wakaja mmoja mmoja kumshawishi aiuze. Akawaambia, "Uzeni kwanza hiyo mikono yenu inayokaa mifukoni." Hakuiuza. Alitia samaki chumvi mpaka vidole vikachanika, alibeba mwani mgongoni kutoka ufukoni kwenda kurutubisha matuta ya viazi, na mgongo ukapinda kabla nywele hazijawa nyeupe. Finin alipofika miaka kumi na saba alimkabidhi usukani mbele ya watu wote, na siku hiyo, wanasema, alitabasamu. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa.

Mashua ilikuwa ya uvuvi, lakini mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwisho wa Septemba, ilipeleka mahujaji Jabalini.

Jabali mnaliona kutoka mlangoni pangu kukiwa hakuna ukungu. Ni saa tatu za kupiga makasia, bahari ikiwa na heshima zake. Watawa wa kale waliishi juu kule, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Walichonga ngazi mamia kwenye mwamba, wakajenga vyumba vya mviringo kwa mawe matupu bila tone la chokaa, mlango chini kabisa, huingii ila kwa magoti. Walikula samaki na mayai ya ndege, wakanywa maji ya mvua, wakafa, wakazikana, mpaka akabaki wa mwisho ambaye sijui alizikwa na nani. Vyumba havivuji hadi leo. Ndani ya kuta zake wanajificha ndege wadogo weusi, na huwaoni. Unawasikia tu wakikoroma ndani ya mawe kama mtu aliyelala. Sikupapenda mahali pale tangu siku ya kwanza. Kila nilipopanda nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu, na nikigeuka ni upepo.

Mahali pa kufungia mashua ni ufa mwembamba wa mwamba, na ufa huo una tabia yake: unapandisha sauti. Ukiwa juu ngazini unasikia hata kasia likigonga chini. Ukiwa chini, aliye juu apige mayowe mpaka koo likatike, humsikii. Jirani yetu Murain, mwanamke mnene mwenye mdomo usiofungwa, aliwahi kusimama pale chini akimsengenya padri, na padri yuko kwenye kona ya ngazi akisikia kila kitu. Tulicheka mwaka mzima.

Sorcha alikwenda kila mwaka kumwombea mume asiye na kaburi. Alipalilia makaburi ya watawa kwa kisu chake cha samaki. Alijua birika lipi la mvua lina maji matamu na chumba kipi hakiingizi upepo. Wasiojiweza walimtuma, mgonjwa, kikongwe, mjamzito: "Sorcha, nitembelee vituo vyangu vya sala." Naye alivitembelea kwa miguu yake, akataja jina la aliyemtuma, na thawabu ikawa ya mwenyewe. Kwetu hija inaruhusiwa kufanywa hivyo, mmoja kwa niaba ya mwingine.

Mimi ni mtu wa milimani, nimekulia nyuma ya kondoo. Safari yangu ya kwanza, bibi harusi wa miezi minne, nilikaa mashuani nikaanza kunyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Kofi lilitua mkononi kabla sijafika sita.

"Ebo! Unahesabu nini wewe?"

"Watu, Mama."

"Watu ni kondoo? Ukimhesabu mtu mashuani bahari inasikia hesabu, na itataka ipungue. Kwenu hamfundishwi?"

"Kwetu tunahesabu asubuhi na jioni," nikasema, maana na mimi mdomo ninao. "Ndiyo maana hatupotezi."

Mashua nzima ikacheka. Sorcha hakucheka. "Basi rudi kwenu ukahesabu," akasema, na hakunisemesha tena mpaka siku ya tatu.

Kwa hiyo hapa kwetu hakuna aliyehesabiwa. Badala yake kila hujaji alikuja na mwenzake, na wakati wa kuondoka Jabalini mshika usukani aliita jozi moja moja: "Mwenzako?" Mmoja wa wale wawili alijibu, "Yumo!" Wote wakishaitikia, kamba inafunguliwa. Walifanya hivyo baba zao na babu zao, na hakuna aliyewahi kuachwa. Mwenzangu mimi alikuwa Sorcha, na mwenye kuitikia nilikuwa mimi, kwa sababu yeye alisema kupiga kelele ni kazi ya watu wa milimani.

Sasa mwaka wa sita wa ndoa yangu. Sikuwa na mtoto. Ghuba nzima ilikuwa inajua, na Murain akinikuta kisimani hakukosa la kusema: "Gobnait, hicho kitanda mnakilalia au mnakitazama tu?" Murain nilimjibu vizuri, huyo alikuwa wa kutaniana. Sorcha hakutania. Yeye alinitazama tumbo, kila Jumapili baada ya misa, halafu akatazama pembeni. Bora angesema.

Asubuhi ya safari hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini bahari ilikuwa inapanda na kushuka polepole, mawimbi mapana yanayotoka mbali yasiyo na povu. Ndege wa baharini walikuwa wametua mashambani, wamekaa juu ya matuta ya viazi, wote wakielekea upande mmoja. Mzee Cormac, mpiga kasia wa mbele, alitema mate majini akasema, "Imenuna hii." Finin akamgeukia mama yake.

"Mama, tuahirishe?"

Sorcha aliyatazama yale maji kwa muda mrefu. Aliijua bahari kuliko wanaume wote pale, na ninaapa alikiona kilichokuwa kinakuja. Mkono wake ulikuwa unasugua rozari mpaka shanga zinalia.

"Baba yako anangoja sala yake," akasema. "Twende upesi, turudi upesi."

Basi tukaenda. Njiani hakuna aliyeimba. Hata Murain alinyamaza, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu baridi.

Tulipanda, tukasali vituo, tukazunguka makaburi. Kituo cha mwisho ni ulimi wa jiwe. Ni jiwe refu jembamba lililotokeza nje ya mwamba, chini yake hakuna kitu ila bahari, mbali huko chini. Mwisho wake watawa walichonga msalaba. Hujaji anatambaa kwa tumbo mpaka kule, anabusu msalaba, anataja haja yake mara tatu, anarudi kinyumenyume. Wengi hawaendi. Mimi sikuwahi.

Sorcha akanishika kiwiko. "Leo utakwenda wewe."

"Siwezi, Mama. Kichwa kinanizunguka."

"Umekuja mara sita, mara sita kichwa kinakuzunguka. Unataka mtoto au hutaki?"

"Ninataka."

"Basi tambaa."

Watu walikuwa wanasikia. Nikahisi uso unawaka moto. Nikamwambia, na nilisema kwa sauti, "Wewe unataka nianguke. Nikianguka Finin ataoa mwingine mwenye tumbo unalolitaka!"

Murain akajitia kufunga kamba ya kiatu. Sorcha aliachia kiwiko changu. Hakunipiga. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mzee.

"Shuka mashuani," akasema. "Nitakwenda mimi kwa niaba yako."

Akanipa kisogo, akaanza kukunja sketi zake. Nilishuka ngazi huku ninalia kwa hasira, na sikugeuka nyuma.

Nusu ya njia upepo ulifika. Haukuanza kidogo kidogo. Ulipiga mara moja kutoka magharibi na mvua ndani yake. Chini ufani mashua ilikuwa inapanda kwa kimo cha mtu na kushuka tena. Finin alisimama nyuma, mgongo kwetu, amekaza kasia dhidi ya mwamba ili mashua isipondeke, mishipa ya shingo imemtoka. Watu waliruka ndani mmoja mmoja, wengine wakaanguka juu ya wenzao, mashali vichwani, nyuso chini. Mtu alikuwa anapiga kelele kwamba tunakufa.

"Mwenzako?" Finin akaanza kuita.

"Yumo!"

"Mwenzako?"

"Yumo!"

Mbele, chini ya maji yaliyokuwa yanaturukia, niliona shali ya kahawia. Sorcha alikuwa na shali ya kahawia. Murain naye alikuwa na shali ya kahawia. Hayo nilikuwa ninayajua.

"Gobnait! Mwenzako?"

"Yumo," nikasema. Nilisema kwa sauti, ili nisikike.

Kamba ikafunguliwa.

Mvua ilikuwa nzito hata uso wa jirani huuoni, na kila mmoja alikuwa anachota maji kwa alichonacho, kofia, viatu. Tulifika kwetu alasiri, nusu hai. Finin aliwateremsha watu akiwashika mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka benchi zikawa tupu. Akabaki amenyoosha mkono.

"Mama yuko wapi?"

Akanitazama. "Gobnait, Mama yuko wapi? Ulisema yumo."

"Niliona shali," nikasema.

Akairukia kamba ya mashua. Mzee Cormac na wenzake wanne walimkamata, wakamlalia pale kwenye mawe, na alilia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Bahari huko nyuma ilikuwa nyeupe yote. Jabali halikuonekana tena.

Dhoruba ile haikutulia. Siku ya pili Finin alijaribu, wimbi likamrudisha mlangoni mwa ghuba. Siku ya nne alijaribu tena, makasia mawili yakavunjika na mzee Cormac akavunjika mbavu, na baada ya hapo wake za wapiga makasia wakaficha makasia yaliyobaki. Siwalaumu. Kutwa nzima Finin alisimama juu ya ukuta wa shamba akitazama kule kulikokuwa na ukungu tu. Alikuwa haniulizi kitu. Aliniamini, na imani yake ilinikaa tumboni kama kiazi kibichi.

Watu walikuja nyumbani kukaa nasi, kama ilivyo desturi. Walileta mtindi, mkate wa shayiri, walisali rozari. Siku ya tano nikawasikia wanawake wakisema "Sorcha alikuwa." Alikuwa anapenda hivi, alikuwa anafanya vile. Walikuwa wameshamzika kwa ulimi. Mimi nilikaa jikoni kwenye moto wa mboji, ule udongo mkavu tunaouchoma badala ya kuni, ninakoroga chungu kisicho na kitu.

Siku ya sita akaja Murain, mkononi ana ile shali yake ya kahawia imekunjwa vizuri. Akaiweka mezani.

"Siivai tena," akasema. "Ichukue au uichome."

"Ahsante, jirani."

Hakuondoka. Alikaa, akapangusa mikono kwenye aproni yake. "Hii ndiyo uliyoiona, sivyo?"

"Ndiyo."

"Maana mimi, shoga, ni Sorcha wawili na nusu." Akacheka kidogo, kwa mazoea yake ya kucheka. "Ulituchanganyaje?"

Nilimkodolea macho tu, na kicheko kikamkauka usoni. Akaamka akaenda zake, na tangu siku hiyo hakunitania tena kuhusu kitanda wala kuhusu chochote.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata Finin. Mimi ni mzee, aibu imeniisha. Nilimwomba Mungu Sorcha awe hai. Niliomba kwa magoti mpaka yakatoka damu. Na siku ya saba, upepo ulipokuwa unatikisa paa, niliomba asirudi. Sikuomba kwa maneno. Lakini niliwaza akirudi atasema nini, na moyo wangu ukasema, basi, Bwana, mpumzishe. Halafu nikatoka nje nikatapika.

Siku ya tisa upepo ulilala. Tulikwenda na mashua ndogo ya jirani, Finin na wanaume watatu na mimi. Finin hakutaka niende. Nikamwambia nitakwenda hata kwa kuogelea, na siwezi kuogelea.

Jabali lilikuwa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Mawe yalikuwa yamelowa, meusi, na ngazi kadhaa zilikuwa zimechukuliwa na maji. Finin alipanda akiita, "Mama! Mama!" mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyeitikia. Alikimbilia upande wa ulimi wa jiwe, kwa sababu tulijua huko ndiko alikokwenda mwisho. Wenzake walishuka makaburini. Mimi nikaenda kwenye kile chumba kisichoingiza upepo.

Mlangoni kulikuwa na manyoya meusi, mengi, na mifupa midogo imepangwa juu ya jiwe. Harufu ya mafuta ya ndege ilinijia puani. Ndani ya kuta wale ndege walikuwa wanakoroma. Nikapiga magoti, nikaingia kwa kutambaa.

Alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, amejifunga shali mara mbili. Mdomo na kidevu vilikuwa vinang'aa kwa mafuta. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yananitazama tangu nilipoingiza kichwa. Kwanza nilidhani amekufa hivyo.

"Ni wewe," akasema.

"Mama!" Nikanyoosha mkono.

"Usiniguse kwanza." Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, lakini ilikuwa imetulia. "Nililibusu lile jiwe. Nikasema jina lako mara tatu, kama inavyotakiwa. Nikarudi salama, nikateremka mbio. Nilikuwa pale ngazi zinapokata kona, Gobnait. Nilimsikia Finin anaita."

Nikaurudisha mkono wangu.

"Nikakusikia wewe ukijibu."

Mungu wangu, mnajua nilifanya nini? Nilitazama mikono yangu. Niliitazama kama mtu anayetafuta uchafu kwenye kucha, na yeye akawa ananingoja. Halafu nje tukasikia nyayo za Finin, na Finin akajipenyeza mlangoni na mabega yake yale, akamwangukia mama yake magotini, akilia.

"Mama, ilikuwaje? Ilikuwaje?"

Sorcha aliweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilisinzia, mwanangu," akasema. "Niliingia humu kupumzika, uzee, usingizi ukanichukua. Sikuwasikia mkiita. Kosa ni langu."

Tulimteremsha kwa kamba, amefungwa mgongoni kwa Finin. Kijijini aliwaambia hayo hayo. Padri alipomuuliza alikula nini siku tisa, akasema alitoa makinda ya wale ndege ukutani, akayala mabichi, na kunywa maji ya birika. Lakini watu hawakutaka hadithi ya makinda. Walitaka malaika aliyemletea mkate, na baada ya mwaka malaika yule alishakuwa na mabawa na jina. Sorcha aliwaacha waseme. Finin naye tangu hapo aliwahesabu watu mashuani, kwa sauti, kidole kimenyooka. Nusu ya mahujaji wakahamia mashua nyingine, hakujali.

Agosti iliyofuata nilijifungua. Msichana, mwenye mapafu ya kuita mashua. Sisemi ni jiwe, na sisemi si jiwe. Sorcha alimpokea, akamwosha, akamfunga kitambaa, akanipa. "Umefanya vizuri," akasema. Ni neno jema la kwanza aliloniambia tangu niingie nyumba ile, na nilitamani ardhi inimeze.

Maana alikuwa amebadilika. Hakunipiga tena mkono. Hakunikemea viazi vikiungua. Akitaka chumvi alisema, "Tafadhali, Gobnait." Tafadhali! Sorcha! Ningetoa mwaka mzima wa maisha yangu anizabe kofi moja, anitukane milima yangu na kondoo wangu. Badala yake aliishi nami kwa adabu, kama mtu aliyepanga chumba.

Mara nyingi nilitaka kusema. Jioni za baridi tulikaa wawili, yeye anafuma, mimi ninachambua sufu, Finin baharini, mtoto amelala. Nilivuta pumzi nikasema, "Mama." Sindano zake zikasimama. Hakuinua kichwa, lakini zilisimama, na moto ukawa unasikika. Nami ningesema nini? Kwamba sikujua? Nilikuwa nimeirudia ile saa kichwani mwangu mara elfu, mvua, kelele, shali, na kila mara nilipofika kwenye lile neno nilikuta giza. Nilikuwa na hasira, hilo ninalijua. Nilijua ameenda kwenye ulimi wa jiwe, na nilijua njia ya kurudi ni ndefu. Lakini niliona shali, na mtu akiwa na hofu ya kufa huona anachoona. Padri nilimwambia yote kwenye kitubio, akaniuliza, "Ulikusudia?" Nikasema sijui, akanipa rozari tatu kwa kutojua kwangu. Sorcha hakuwa padri. Ninaishia kuuliza, "Viazi vimeiva, Mama?" Na zile sindano zinaendelea.

Miaka kumi na moja ilikwenda hivyo.

Alishikwa na kifua mwezi wa Februari. Padri alimpaka mafuta asubuhi, akaenda zake. Binti yetu alikuwa amepelekwa kwa Murain. Jua lilikuwa limetoka, jua lile jepesi la baada ya mvua, na Sorcha akaomba maji ya kisimani, mapya, si ya kwenye ndoo. Finin akatoka na mtungi. Nadhani maji hakuyataka.

"Gobnait."

"Nipo, Mama."

"Sogea." Nikasogea mpaka nikahisi pumzi yake. "Siku ile uliposema yumo. Ulijua kwamba simo?"

Nilikuwa nimeapa, mbele ya picha ya Bikira pale ukutani, kwamba huyu mwanamke sitamdanganya tena maishani. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumlipa. Nikamshika mkono.

"Sijui, Mama," nikasema. "Haki ya Mungu, nimetafuta na kutafuta. Sijui."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Halafu nikaona machozi yanateremka kuelekea masikioni, na huyu alikuwa mwanamke ambaye hakulia hata mumewe alipopotea.

"Miaka kumi na moja nimekaa nikingoja uniambie hapana," akasema. "Hapana tu. Ningekuamini."

"Hapana, Mama," nikasema. "Hapana. Sikujua. Hapana!" Nilisema tena na tena, nimemshika mabega, mpaka Finin akaingia na mtungi wake akauliza ninampigia nani kelele, na mama yake alikuwa ameshakata roho.